Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Ni mwaka wa tisa sasa nafanya ukalimani wa Kiswahili hapa Iowa: hospitalini, shuleni, mahakamani, na usiku kwa simu. Wengi ninaowakalimania ni Wakongo wa Uvira, Fizi na Bukavu, Warundi waliokulia kambini Kigoma, na Watanzania na Wakenya wachache waliokuja kusoma wakabaki. Tangu Machi 2025 kila mtu ana swali, na maswali yenyewe ni yale yale. Nimeyaandika hapa nipunguze kusimamishwa kwenye maegesho ya magari baada ya ibada. Mimi si wakili. Mwenye kesi amwone wakili.

Hivi ni kweli Kiingereza sasa ni lugha rasmi ya Marekani?

Kweli, kwa amri ya rais. Tarehe 1 Machi 2025 Rais Trump alitia saini Amri Na. 14224. Kabla ya siku hiyo nchi hii haikuwahi kuwa na lugha rasmi ya taifa zima. Kiingereza kilitawala kwa mazoea tu, kama vile baba wa nyumba asiyehitaji kujitambulisha.

Ila amri ya rais si sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani, wala haimo kwenye katiba. Rais ajaye anaweza kuifuta kwa saini moja. Hii nayo iliingia kwa kufuta nyingine: Amri Na. 13166 ya Rais Clinton ya mwaka 2000, iliyozitaka ofisi za serikali kuu ziwe na mpango wa kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Amri mpya imeandika wazi kwamba hailazimishi ofisi yoyote kubadili huduma zake. Imemwachia mkuu wa kila ofisi aamue. Kwa hiyo usishangae ukikuta ofisi moja bado ina karatasi ya Kiswahili ukutani, na ya jirani yake imeibandua.

Majimbo yalitangulia zamani. Zaidi ya 30 yana sheria ya namna hii. Nebraska iliiweka mwaka 1920, wananchi wa California walipiga kura mwaka 1986, na hapa Iowa Gavana Tom Vilsack alisaini mwaka 2002. Mengine yamechukua njia tofauti: Hawaii ina Kihawaii pamoja na Kiingereza tangu 1978, na Alaska mwaka 2014 iliongeza lugha 20 za wenyeji kando ya Kiingereza.

Nikiongea Kiswahili dukani au kwenye basi, nimevunja sheria?

Hapana. Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote, maana naulizwa kwa sauti ya chini. Mama mmoja alinieleza kwamba siku hizi akiwa sokoni na wanawe anawanong'oneza, au anaongea kwa macho. Mama yangu, ongea. Sheria ya lugha rasmi inahusu karatasi na shughuli za serikali. Mdomo wako haumo.

Lakini hofu hiyo haikutoka hewani, na Iowa ndipo mahali pa kuisimulia. Tarehe 23 Mei 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Gavana William Harding alitoa tangazo: shuleni Kiingereza tu, kanisani Kiingereza tu, kwenye treni, barabarani na hata kwenye simu Kiingereza tu. Asiyekijua aende kusali nyumbani kwake. Shabaha ilikuwa Wajerumani, lakini Wanorwe, Wadenishi, Waholanzi na Wacheki nao wakakumbwa, hata wale ambao watoto wao walikuwa vitani upande wa Marekani. Simu za siku hizo laini moja ilitumiwa na nyumba kadhaa, jirani akiinua mkono wa simu anasikia. Wanawake wa Scott County walisikika wakiongea Kijerumani, wakatozwa faini. Tangazo hilo lilifutwa Desemba 1918, vita ilipokwisha.

Mwaka uliofuata jirani zetu Nebraska walipitisha sheria ya kukataza kumfundisha mtoto lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwalimu Robert Meyer wa shule ya Kilutheri alikutwa akimsomesha mtoto wa miaka 10 kwa Kijerumani. Faini dola 25. Alikataa kulipa, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1923 akashinda. Mahakama ilisema ulinzi wa katiba unawafikia wote, wanaozungumza lugha nyingine na waliozaliwa na Kiingereza kinywani. Uamuzi huo bado upo hai, na ndio unaokukinga wewe ukimwita mwanao kwa Kiswahili katikati ya duka.

Hospitalini bado nitapewa mkalimani?

Ndiyo, na usikubali kuambiwa vinginevyo. Haki hiyo haikutegemea amri ya Clinton peke yake. Inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010. Hizo ni sheria za Bunge, rais hawezi kuzifuta kwa kalamu. Sema maneno mawili tu ukifika mapokezi: «Swahili interpreter». Hulipi chochote.

Mtoto asikukalimanie. Kanuni za afya zinakataza kumtumia mtoto isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mkalimani aliye tayari. Na hata zisingekataza, fikiria: binti wa miaka 11 anamwambia mama yake kwamba mimba imeharibika. Nimeingia chumbani nikakuta hilo limeshatokea. Nilichokuta nacho cha kufanya ni kumpa yule binti juisi na kumwomba atoke nje.

Sasa niwaambie kitu ambacho hata hospitali hazikijui. Hatari kubwa si neno gumu, ni «ndiyo». Muuguzi anamuuliza mzee kwa Kiingereza chake cha haraka: «Hakuna dawa inayokudhuru?» Mzee ambaye dawa hazimdhuru anajibu «yes». Kwetu ukiulizwa «Hujala?» nawe hujala, unajibu «ndiyo», yaani umesema kweli, sijala. Kwa Mwingereza jibu hilo hilo linageuka. Niliwahi kukuta faili la mzee mmoja limeandikwa ana mzio, kwa sababu ya «yes» moja ya adabu. Ukiulizwa swali lenye «si» au «hu» ndani yake, usijibu kwa neno moja. Jibu sentensi nzima: «Sina.» «Sijawahi.»

Saa nazo. Miadi ya saa mbili asubuhi ya kwetu ni saa nane ya kwao. Wazee wawili wa Kasulu wamewahi kufika saa nane mchana wakati daktari aliwasubiri asubuhi. Muulize mkalimani akutajie saa kwa Kiswahili, kisha aiandike kwa tarakimu.

Na ukipewa mkalimani wa simu ambaye Kiswahili chake hukielewi, sema hivyo hivyo. Si utovu wa nidhamu. Mama wa Uvira akiambiwa «shinikizo la damu» na mtu wa pwani anabaki ameduwaa. Mtanzania angesema presha, yeye anaita tansio. Hapo kosa la mama liko wapi?

Mahakamani je? Na Uhamiaji?

Ukishtakiwa kwa jinai una haki ya mkalimani. Mahakama ya uhamiaji nayo huleta mkalimani wake. Lakini wengi wanachanganya hapo: ukienda kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi ya ukimbizi ofisi ya uhamiaji, yaani ile ya kabla ya jaji, unatakiwa kuja na mkalimani wako mwenyewe. Ukifika bila yeye, mahojiano yanaahirishwa na lawama ni zako. Asiwe wakili wako wala shahidi wako, na awe na miaka 18 au zaidi.

Baba yangu ana miaka 58, hajui Kiingereza. Atapata uraia?

Inategemea amekaa na kadi ya kijani miaka mingapi. Mwenye miaka 50 na miaka 20 ya ukaazi wa kudumu hafanyi mtihani wa Kiingereza. Mwenye miaka 55 na miaka 15 ya ukaazi vile vile. Mtihani wa uraia ataufanya, lakini kwa Kiswahili, na mkalimani wake. Aliyetimiza 65 na ukaazi wa miaka 20 anapewa orodha fupi ya maswali 20 ya kujisomea. Mgonjwa ambaye ubongo au mwili haumruhusu kujifunza kuna fomu ya N-648 ya kujazwa na daktari, ila siku hizi inakaguliwa kwa jicho kali, kwa hiyo daktari asiandike mstari mmoja.

Wengine wote: unasoma sentensi moja kwa usahihi kati ya tatu, unaandika moja kati ya tatu, na kuongea kwako kunapimwa kwenye mahojiano yenyewe. Waliopeleka fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya wa uraia: maswali 128 ya kujifunza, unaulizwa mpaka 20, upate 12. Wa zamani yalikuwa 100, unaulizwa 10, upate 6.

Sharti la kuongea Kiingereza ili uwe raia si jipya. Liliingia mwaka 1906, na kusoma na kuandika vikaongezwa 1950. Anayekwambia kwamba wahamiaji wanapewa uraia bila Kiingereza, mwambie ajaribu foleni yenyewe.

Mimi naendesha lori. Ni kweli watanishusha barabarani?

Ni kweli, na hili ndilo badiliko lililowagusa watu wetu haraka kuliko lile la lugha rasmi lenyewe. Kanuni ya kwamba dereva wa lori awe na Kiingereza cha kutosha kuongea na polisi na kusoma alama ni ya zamani. Mwaka 2016 maelekezo yalilegezwa, ukapewa tu karatasi ya kosa na kuendelea na safari. Amri ya rais ya Aprili 2025 ilirudisha ukali, na kuanzia tarehe 25 Juni 2025 asiyefaulu anasimamishwa hapo hapo mzani. Mzigo unabaki, dereva anashuka.

Mkaguzi anakuuliza kwa Kiingereza umetoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi. Huruhusiwi mkalimani wala programu ya simu. Kisha anakuonyesha alama za barabarani, hata zile za mwanga zenye maandishi. Vijana wetu wengi wanaendesha vizuri, wanajua kila kona ya barabara ya I-80, lakini mdomo unaganda wakiona sare. Fanyeni mazoezi kwa sauti, mmoja awe askari. Tunafanya hivyo Jumamosi kwenye chumba cha chini cha kanisa, na inafurahisha mno kumwona shemasi akijifanya polisi.

Nitakuwa mkweli: kwa lori la tani 36 sioni ubaya dereva kutakiwa asome kibao kinachosema daraja limefungwa.

Nikipata uraia, karatasi ya kura itakuwa kwa Kiswahili?

Hapana. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura iliongezewa lugha mwaka 1975, lakini ilitaja makundi manne: wenye lugha ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Mwafrika hayumo, hata mji mzima uwe unaongea Kiswahili. Na hapa Iowa mwaka 2008 jaji alizuia hata fomu za kujiandikisha za lugha nyingine, kwa sababu ya sheria ile ya 2002, katika kesi iliyofunguliwa na Steve King, aliyeipigania sheria hiyo alipokuwa seneta wa jimbo. Mvutano huo umerudi mahakamani zaidi ya mara moja.

Unachoweza kufanya ni kuingia kituoni na mtu wa kukusomea. Kifungu cha 208 kinamruhusu asiyeweza kusoma kuchagua msaidizi wake mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Bosi kiwandani anasema «English only». Anaruhusiwa?

Kwenye mashine inayokata nyama, ambapo onyo lazima lieleweke na wote, anaweza kuwa na hoja. Kwenye meza ya chakula wakati wa mapumziko, mwongozo wa tangu 1980 wa tume ya usawa kazini unaiona amri ya namna hiyo kuwa ni dalili ya ubaguzi. Andika tarehe, nani alisema, nani alisikia. Usigombane naye mbele ya wenzako kazini.

Wanaotaka Kiingereza tu, wote ni wabaguzi?

Si wote, na tukiwaweka wote kapu moja hatutaelewa mjadala. Mtu aliyelianzisha jambo hili kwenye Seneti mwaka 1981, Hayakawa wa California, alikuwa mwenyewe mhamiaji: mtoto wa Wajapani, aliyezaliwa Vancouver, Kanada, profesa wa lugha. Hoja yake ilikuwa rahisi: lugha moja ndiyo inayowaunganisha watu waliotoka pande zote za dunia, na serikali ikikupa kila kitu kwa lugha yako itakuchelewesha kujifunza. Wapo wazee wetu wanaokubaliana naye, na huwa wanaongea kwa hasira dhidi ya vijana waliokaa miaka kumi wakibeba maboksi usiku bila kujifunza zaidi ya salamu.

Lakini mwaka 1983 Hayakawa alianzisha shirika la U.S. English pamoja na John Tanton, daktari wa macho wa Michigan. Mwaka 1988 waraka wa Tanton ulivuja magazetini, na ndani yake hakuwa anazungumzia lugha. Alikuwa anahofia Walatino wanavyozaana na watakavyoshika nchi. Linda Chavez, mkuu wa shirika hilo na yeye mwenyewe Mlatino, alijiuzulu. Mtangazaji maarufu Walter Cronkite naye akajitoa. Hivyo ndivyo mjadala huu ulivyo mpaka leo: kuna anayezungumzia lugha, na kuna anayesema lugha huku akimaanisha watu. Wanakaa meza moja, na inabidi umsikilize mtu kwa muda ndipo ujue ni yupi.

Hofu yenyewe ni ya kale. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliwalalamikia Wajerumani wa Pennsylvania katika miaka ya 1750, kwamba watawageuza Waingereza kuwa Wajerumani badala ya wao kugeuka. Miaka ishirini nyuma yeye huyo huyo alikuwa amechapisha gazeti la Kijerumani, likafa kwa kukosa wateja. Mimi hapo huwa natabasamu.

Mbona sisi Tanzania tuliungana kwa Kiswahili? Kwa nini Wamarekani wasifanye hivyo?

Swali zuri, na ndilo gumu zaidi. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na leo Mmakonde na Mhaya wanagombana kwa Kiswahili fasaha. Mimi ni Muha, mke wangu Mnyakyusa. Bila Kiswahili tungeonana tu stendi.

Tuangalie kilivyoenea, basi. Kilikuwa kimeshatembea na misafara na masoko kabla serikali haijakigusa. Kisha ikaja mikutano ya TANU, redio, shule za msingi, na ile kampeni ya kisomo iliyoanza na mwaka 1970, mwaka wa elimu ya watu wazima, ambapo bibi yangu alikaa chini ya mwembe jioni na ubao wa kuandikia magotini. Tulipewa darasa. Marekani ya sasa imetoa tangazo. Darasa la Kiingereza la bure hapa mjini kwetu lina orodha ya kusubiri, na linaanza saa ambayo zamu ya pili kiwandani inaingia.

Tusijisifu pia. Shuleni kwetu aliyesikika akiongea Kiha alivalishwa kipande cha mbao shingoni mpaka amnase mwenzake amhamishie. Nilikivaa. Kenya wanakijua kibao hicho, wao wakiongezewa na Kiingereza. Na hapa Marekani watoto wa Wahindi Wekundu walichukuliwa kwenye shule za bweni kama ile ya Carlisle, iliyofunguliwa 1879, wakanyolewa nywele na kuadhibiwa kwa kuongea lugha ya mama. Bunge lilikuja kupitisha sheria ya kuzilinda lugha hizo mwaka 1990, nyingi zikiwa na wazungumzaji wa kuhesabu kwa vidole.

Ni kweli Kijerumani kilikosa kura moja tu kiwe lugha ya Marekani?

Hadithi. Wajerumani wa Virginia waliomba mwaka 1794 sheria zitafsiriwe kwa Kijerumani, na katika mjadala bungeni kura moja ya utaratibu ilipotea kwa tofauti ya moja, 42 kwa 41. Watu wakaipamba.

Wanasema wahamiaji wa siku hizi hawataki kuwa Wamarekani. Watoto wetu je?

Karibu mtu mmoja kati ya watano hapa Marekani anaongea lugha nyingine nyumbani, na zaidi ya nusu yao wanasema Kiingereza wanakijua vizuri sana. Kwa familia nyingi njia ni moja: babu anaongea lugha ya kwao, baba anaongea mbili, mjukuu anaelewa jina la chakula. Iliwapata Wajerumani wa Iowa, Wataliano, Wapolandi. Anayeogopa kwamba watoto wa Wakongo hawatajifunza Kiingereza hajawahi kuingia sebuleni kwetu Jumapili.

Mimi nalipwa kwa saa kutafsiri Kiswahili, na mwanangu wa miaka minane Kiswahili chake kinaishia kwenye ugali, maji na shikamoo. Juzi tulimpigia mama yangu Kasulu kwa video. Picha ikakwama kidogo, ikarudi, mama akamtazama mjukuu wake kwa furaha akamuuliza, «Hujanisahau?»

Mtoto akafikiri kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiswahili, akijivunia kwamba ameelewa swali:

«Hapana.»

Mama akanyamaza. Ikabidi nivute kiti, nianze kazi.